Tumba la Kamelia kwenye Kikombe cha Mishi

Siku ya Idi pale Richardson, watu wakiwa bado kwenye foleni ya biriani, mmoja wenu aliniuliza, "Bibi, kabla hujastaafu ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba nilikuwa nabandika majani kwenye karatasi. Mlicheka wote. Mmoja akasema kwa Kiingereza kwamba hata yeye aliifanya kazi hiyo, alipokuwa chekechea. Nami nilicheka. Lakini nilipofika nyumbani Lewisville, jibu langu lilinikaa vibaya, ndiyo maana nimeshika kalamu. Nawaandikia kwa Kiswahili makusudi. Asiyeweza kusoma asomewe na mama yake.

Kule Fort Worth, huku huku Texas, kuna jengo ambalo kwa nje huwezi kulitofautisha na ofisi ya bima. Ndani yake kuna makabati ya chuma, safu kwa safu, na ndani ya makabati hayo kuna mimea iliyokaushwa. Kila mmea umebandikwa kwenye karatasi nene, na kwenye kona ya karatasi kuna kibandiko kinachoeleza nani aliuchuma, wapi, mwezi gani, kwenye udongo wa namna gani. Ni maktaba, isipokuwa vitabu vyake ni mimea yenyewe. Unafungua kabati unakuta tawi lililokatwa kabla nyanya yako hajazaliwa, na bado lina miiba, bado lina mbegu, na ukiliinamia lina harufu. Nilifanya kazi humo zaidi ya miaka ishirini, na sikumbuki siku niliyofungua kabati bila kushusha sauti, hata nilipokuwa peke yangu.

Watu wetu hawakuielewa kazi hiyo. Wakati huo nilikuwa bado nakaa mtaa wa Vickery Meadow, na habari zilienea kwenye maghorofa yale kwamba Zuhura anafanya kazi kwenye nyumba ya mitishamba. Jumapili moja mama mmoja alibisha hodi, akaingia, akakaa. Nikampa maji. Baadaye akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, ni mgongo. Na mume wangu ana sukari. Naomba tu kidogo kidogo." Nilipomweleza kwamba mimi huibandika tu, aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake amefichwa siri ya kazi.

Aliyenifundisha ni Daktari Lorna, mwanamke wa Texas ya mashariki, kule kwenye misonobari, mwenye sauti ya polepole na macho yaliyokuwa yakiharibika taratibu. Alikuwa mtaalamu wa kamelia, jamii ya miti ya maua. Wiki yangu ya kwanza alinitolea karatasi moja, akaniuliza kama naujua mmea ule. Nikaona tawi lenye ua la petali nyeupe, katikati nyuzi nyingi za manjano kama kichwa cha brashi. Nikasema siujui.

"Unatoka wapi wewe?"

"Usambara. Tanga. Baba alikuwa mpimaji kwenye shamba la chai."

"Basi unaujua. Hii ni chai."

Nilimwambia ananitania. Mimi nilikulia kwenye kambi ya chai. Nilijua kuichuma kabla sijajua kusoma: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Kumbe kwa kuichuma na kuikata kila wakati hatukuipa nafasi ya kuchanua. Daktari Lorna akaniambia kwamba chai ikiachwa inakuwa mti wa kukaa kivulini chake, na kwamba nayo ni kamelia, na ndugu zake wa porini wamejaa kwenye milima ya China ya kusini, Laos na Vietnam, na wengine bado hakuna aliyewaandika. Nilikaa nikiliangalia lile ua hadi chai yangu ya saa nne ikapoa. Nilikuwa nimekulia uani kwa mtu na sijawahi kuona uso wake.

Basi nikajifunza. Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kutosha kujaza kabati. Nilibandika matawi yote majani yakiangalia juu, nikaona nimependeza. Daktari Lorna akazibandua karatasi kumi na mbili mbele yangu, bila hasira. "Geuza jani moja," alisema. "Daima geuza moja. Mgongo wa jani ndio wenye habari: mishipa, madoa, vinyweleo. Ukinipa nyuso tupu nitafanya nini nazo?" Nilifunika tumba kwa gundi. Niliandika kwa kalamu ya wino wa kawaida, karatasi ikalowa, jina la mtu aliyepanda mlima siku tatu likawa doa la buluu. Tangu hapo nikaandika kwa penseli ya risasi, au kwa wino ule mweusi usiofutika.

Kubwa zaidi lilikuwa somo la maneno. Kueleza mmea ni kazi ya maneno, wanangu, kuliko ya macho. Nilipoanza kumsaidia kuandaa maelezo, niliandika kwamba jani ni zuri na linang'aa. Akakata neno la kwanza. "Zuri ni habari yako. Mimi nataka habari ya jani." Nikaandika kwamba ua huenda lilikuwa jeupe. Akakata tena. "Umeliona jeupe?" Sikuliona. "Basi andika ulichokiona. Ulichokidhani kaa nacho."

Sasa niwaeleze kuhusu karatasi moja.

Ilitoka Vietnam, tuliazimwa na maktaba ya mimea ya huko. Ilikuwa na tawi la kamelia lenye majani marefu na tumba moja tu, limefumba, dogo kama punje ya njugu mawe. Mwanamke aliyeikusanya alikuwa ameukuta mti mmoja wa namna hiyo kwenye kilima cha mawe ya chokaa, na kilima chenyewe kilikuwa kinaliwa. Kampuni ya saruji ilikuwa inakipasua kutoka upande wa pili. Aliwaendea wakuu wa wilaya akaomba ule upande usiguswe. Wakamuuliza mti unaitwaje. Hakuwa na jibu, na mti usio na jina hauingii kwenye orodha yoyote ya miti inayolindwa. Kwa hiyo alituandikia: niambieni unaitwaje, na fanyeni haraka.

Majani peke yake hayakutosha. Kuna kamelia kadhaa ambazo kwa majani huwezi kuzitenganisha, ni kama pacha waliovaa kanzu moja. Jibu lilikuwa ndani ya tumba: kijumba cha mbegu, ambacho wataalamu wanakiita ovari, kina vinyweleo au hakina, na shingo zake za juu zimeungana au zimeachana. Kuona hayo ni lazima ulifungue. Na kulifungua ua kavu ni lazima ulichemshe, kwa sababu kavu linavunjika kama karatasi iliyoungua. Ukiliweka kwenye maji ya moto dakika chache linalainika, linakubali kufunguka karibu kama siku lilipochumwa. Nimefanya hivyo mara nyingi, na kila mara nywele zimenisimama.

Ila tumba la kuazima, tena moja tu, huligusi bila ruhusa ya mwenyewe. Tuliomba. Miezi miwili, kimya. Daktari Lorna aliamini kabisa kwamba ni spishi mpya. Hakusema sana, lakini nilijua kwamba kwenye droo yake kuna jina ameliandaa, maana siku moja aliniomba nimtafutie miwani humo nikaona kikaratasi, nikafunga droo.

Na sasa Mishi. Mishi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni, alikuwa akisafisha jengo letu, na jioni alinipa lifti. Tulikunywa chai pamoja kila saa kumi alasiri. Yeye chai yake ni ile nyeusi kama lami, halafu maziwa, halafu sukari ya kutosha kumtia hofu daktari yeyote. Alinidharau kwa chai ya kuchovya. "Chai ya kufungwa uzi," alikuwa akisema, "kama meno ya mtoto yanayong'olewa."

Siku hiyo Daktari Lorna alikuwa Houston. Dada yake alimpeleka kuchomwa sindano za macho, jambo alilokuwa akilifanya kila baada ya muda. Asubuhi nilikuwa naikagua ile karatasi ya Vietnam, na tumba likadondoka mkononi mwangu pamoja na vipande vya majani. Hilo ni jambo la kawaida. Kinachodondoka unakiweka kwenye kijibahasha cha kukunja, unaandika namba ya mkusanyaji, unakibandika pembeni. Nilikunja kijibahasha vizuri. Lakini badala ya namba, kwa kuwa nilikuwa na haraka na niliona nitarudi sasa hivi, niliandika kwa penseli neno moja la kunikumbusha mimi mwenyewe: MAJANI. Nikakiacha kwenye sinia, kando ya birika la umeme ambalo tulilitumia kuchemshia maua. Nikaenda chumba cha friza kutoa vifurushi vilivyokuwa vinagandishwa ili wadudu wafe, na kazi hiyo ikanishika hadi saa kumi.

Texas nzima ina watu wangapi? Katika wote hao, ni mmoja tu angeweza kuingia chumba kile, akasoma neno lile, na likamponza.

Niliporudi, Mishi alikuwa amekaa kwenye kiti changu na kikombe mkononi, amekunja uso.

"Da Zuhura, majani yako haya umeyanunua duka gani? Hayana rangi, hayana harufu. Wamekuuzia vumbi."

"Majani gani?"

"Si haya uliyoniwekea. Yangu yamekwisha, nikaona, alhamdulillahi, shoga yangu amenikumbuka, ameniandikia kabisa."

Niliona kijibahasha kimekunjuliwa juu ya sinia, tupu. Niliona kichungio chake cha chai kimeegemea ukingo wa kikombe.

"Mishi. Umekunywa?"

"Mafunda mawili. Kwani sumu?"

"Si sumu. Ni kamelia."

"Kamelia ndiye nani?"

"Ni... ni jamaa yake chai."

"Sasa wanitishia nini, wallahi? Chai si ya kunywa?"

Nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa na mtu. Nilimweleza yote: kilima, saruji, ruhusa, tumba moja. Nilimwona akibadilika rangi. Akaweka kikombe mezani kwa mikono miwili kama anayeweka mtoto. Halafu akasema jambo ambalo nami nilikuwa nimeshaliwaza kabla yake, na sitawaficha kwamba nililiwaza.

"Twalikausha. Twalirudisha karatasini. Nani atahesabu makombo, Zuhura? Sema liliporomoka, likasagika."

Ni kweli, hakuna ambaye angehesabu. Nilisimama nikachukua kichungio ili nianze kukausha. Na hapo ndipo nilipoliona.

Tumba lilikuwa limefunguka.

Lilikuwa limelala kwenye waya wa kichungio kati ya vipande vya majani, kubwa mara mbili ya lilivyokuwa asubuhi, petali zake zimelegea na kuachana, kahawia ya kukauka lakini nyororo, zinapitisha mwanga wa taa. Katikati nyuzi zilikuwa zimesimama zote pamoja, nyingi, kila moja na kichwa chake. Mti ule ulikuwa peke yake kilimani, mbali na dunia yetu, na tumba lile lilikatwa kabla halijafumbuka. Hakuna jicho la mtu lililowahi kuona ndani yake. Na sasa lilikuwa limefumbuka Fort Worth, kwenye kichungio cha Mishi wa Kibokoni, kama vile lilikuwa linangoja tu maji.

Mishi aliinama kando yangu. "Subhanallah," alisema.

Nikampigia simu Daktari Lorna.

"Nimeharibu," nilisema. Nikamweleza bila kujikosha. Nilisikia magari ya Houston yakipita nyuma yake.

"Bado lina maji?" aliuliza.

"Linachuruzika."

"Halitakaa. Baada ya saa moja litajikunja, na ukilichemsha mara ya pili litakuwa uji. Liangalie sasa."

"Nikutumie picha?"

"Picha ya nini, Zuhura? Nimechomwa macho yote mawili, naona ukungu tu. Nieleze."

"Mimi ni mbandikaji. Sijawahi..."

"Nieleze."

Niliweka tumba chini ya hadubini, nikachukua kibano. Mikono yangu ilikuwa imelowa, kwa hiyo Mishi akashika penseli na daftari. Simu tuliiegemeza kwenye birika. Nilikuwa nasema kwa Kiingereza kwa Daktari, na kwa Kiswahili kwa Mishi, naye anaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa chuoni ulionyooka.

Nilianza nje kuelekea ndani, kama nilivyomwona Daktari akifanya. Magamba ya chini, yamepandana kama vigae vya paa, madogo yakiendelea kuwa makubwa, hakuna mpaka kati yao. Hayajadondoka. Petali: moja, mbili, tatu, nikazihesabu hadi sita.

"Sita," nilisema.

Mishi akainua kichwa. "Zuhura. Mimi kuna kitu kilinipita kooni. Laini."

"Anasema nini?" aliuliza Daktari.

Nikamtafsiria. Nikasikia kicheko, cha kwanza kidogo, kisha kikubwa, hadi dada yake huko akaanza kuuliza kuna nini.

"Andika angalau sita," alisema alipopata pumzi. "Kilicho ndani ya Mishi hatujakiona."

Nikaendelea. Nyuzi za nje zimeshikana miguu, zimefanya bomba fupi. Za ndani ziko huru. Nikazitenga kwa kibano, pumzi nimeibana. Chini kabisa, kile kijumba cha mbegu, kidogo kuliko punje ya mtama. Juu yake shingo. Nikazifuatilia kutoka kichwani hadi chini.

"Tatu," nilisema. "Zimeachana mpaka chini."

"Una hakika? Hazijagandana popote?"

"Nimepitisha ncha ya sindano katikati. Zimeachana."

Sauti yake ilibadilika. "Vinyweleo?"

"Vipo."

"Vya namna gani?"

Hapo Kiingereza kikaniishia. Nilijua maneno yao mengi, ya sufi, ya bulangeti, ya hariri, lakini nilikuwa nayajua kama mtu anavyojua majina ya mitaa ambayo hajapita. Nikasema viko vingi. Akasema vingi si jibu. Nikasema ni laini. Akasema laini kwa nani?

"Sema kwa lugha yako kwanza," alisema. "Halafu tutaona."

Nikaangalia tena. Hayakuwa manyoya. Hazikuwa nywele. Mishi akaomba aone, nikampisha. Aliangalia kwa jicho moja, mdomo wazi, kisha bila kuniuliza akaandika neno daftarini. Nikalisoma. Lilikuwa lenyewe.

"Malaika," nilimwambia Daktari.

"Maana yake?"

"Vile vinyweleo vya mkononi, vile ambavyo huvioni mpaka jua likupige kwa ubavu. Vimelala, vyote vimeelekea upande mmoja. Vina mng'ao." Kisha nikaongeza, kwa kuwa nilifundishwa kusema kila kitu, "Na pia ni wale wa mbinguni. Ni neno moja."

Akasema polepole, "Chochote kilicholowa kinalala, Zuhura. Hata manyoya ya paka. Ngoja kikauke. Yakisimama ni sufi, na huu ni mti mpya. Yakibaki yamelala, sijui. Ngoja."

Tukangoja. Nilisogeza taa. Hakuna aliyekata simu. Houston ilikuwa inasikika, honi, mlango wa gari, na kwetu kulikuwa na friza inayonguruma ukutani. Mishi alikuwa amejishika kidevu. Maji yalikuwa yanarudi nyuma juu ya kile kijumba, ukingo wake unapungua kama dimbwi la mvua lami ikishika joto, na nyuma yake malaika yakiachwa makavu, moja moja. Nilikuwa naomba yasimame. Niwaambie ukweli: nilikuwa naliombea lile jina la kwenye droo.

Hayakusimama. Yalikauka yakiwa yamelala, yote yakielekea juu kwenye shingo, na yalipokauka kabisa yalianza kung'aa. Nilizungusha bamba la hadubini kidogo na mng'ao ukapita juu yake wote kwa pamoja, kama upepo juu ya majani ya mpunga. Kitu kidogo kuliko mtama.

"Yamelala," nilisema.

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akaanza kusema kwa kichwa, kama anayesoma sura aliyoihifadhi: majani marefu, madoa mgongoni, tunda la vyumba vitatu, vinyweleo vya hariri vilivyolala, mabaki ya shingo tatu zilizoachana. "Ua halijulikani," alimalizia. "Mti huu uliandikwa zamani, kwa tunda peke yake. Mtu aliuona mti ukiwa umezaa, na hakuna aliyeuona ukichanua. Uliandikwa ukaachwa na mstari huo mmoja mtupu. Una jina, Zuhura. Umekuwa nalo siku zote. Haukuwa na ua."

"Samahani," nilisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa jina lako."

Alijua kwamba nimejua, na hakujali. "Jina langu lingengoja wachapishaji mwaka, au miwili, na kilima kisingengoja. Hili tayari liko kwenye orodha ya miti inayolindwa. Nitamwandikia mkusanyaji leo. Dada yangu atachapa." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana na mwenye furaha, "Nieleze tena ule mng'ao."

Nikamweleza tena. Mara tatu.

Msidhani mambo yaliishia kwa kushangiliwa. Wenye karatasi walijibu kwa barua fupi ya baridi, wakaitaka irudi mara moja, na kwa muda mrefu hawakutuazima kitu. Mkuu wa jengo aliniondoa kwenye chumba cha mimea ya kuazima. Mwaka mzima nilibandika magugu ya kando ya barabara kuu. Birika la maua lilifungiwa kwenye kabati lenye ufunguo, na Mishi akapewa karatasi ya kusaini kwamba hatakula wala kunywa mle ndani. Kuhusu kilima, mkusanyaji aliandika baada ya wiki kadhaa kwamba mashine zimesimamishwa upande ule hadi miti ihesabiwe, na kwamba amekuta mche mwingine kwenye ufa wa jiwe. Yaliyofuata siyajui. Natamani kuyajua.

Siku ya kuifunga karatasi ile ili irudi kwao, Daktari Lorna alikuja na miwani mieusi. Sheria ya kazi yetu ni kwamba kila anayechunguza mmea anaacha kikaratasi kidogo chini ya karatasi ile: jina la mmea, alichokiona, na saini yake. Vikaratasi hivyo haviondolewi kamwe. Nimeona vya watu waliokufa zamani, wamebishana karne nzima kwenye ukingo mmoja. Miaka yote nilikuwa nabandika majina ya wengine.

Akanisogezea kikaratasi kitupu na kalamu ya wino usiofutika.

"Hicho ni chako wewe," nilisema.

"Mimi sikuona kitu. Anayesaini ni aliyeona."

"Na lile la kuchemsha nalo niandike?"

"Lilitokea?"

"Lilitokea."

"Basi."

Nikamwelewa vizuri. Nikiweka jina langu, naliweka kwenye mambo yote mawili. Atakuja mtu ambaye hata wazazi wake hawajazaliwa, atafungua kabati kule Vietnam, na atajua kwamba Zuhura alikuwa wa kwanza kuona ndani ya ua hili, na atajua pia kwamba alilitia kwenye birika kwa uzembe wake. Hakuna namna ya kumpa moja bila lingine. Niliizungusha kalamu vidoleni. Nilifikiria kumwachia Daktari mstari wa saini wazi, aujaze atakavyo.

Mishi alikuwa mlangoni na ndoo yake, kwa kuwa mlango ndio mpaka aliosaini.

"Mwaandika nini?" aliuliza.

"Majina ya walioliona ua."

"Na mimi je? Mimi ndiye niliyelifungua. Tena andika nimelinywa, wasije wakaitafuta petali ya saba mpaka Kiyama."

Daktari akauliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akaelekea upande wa sauti ya Mishi, akasema kwa heshima yote, kama anayezungumza na mtaalamu mwenzake, kwamba ana haki.

Kikaratasi ni kidogo, hakizidi vidole vinne. Niliandika jina la mti. Chini yake: *Tumba limelowekwa kwa maji ya moto, kwa makosa yangu. Petali angalau sita. Shingo tatu, zimeachana. Ovari ina vinyweleo vilivyolala, vya hariri.* Nafasi ilikuwa imebaki ya neno moja, na Daktari Lorna akasema nilitie, lugha ya asili ya aliyeona inaruhusiwa. Nikaandika *malaika*. Kisha saini yangu, kisha ya Mishi, ambaye alivua glavu, akavuka mpaka wake, akasaini, akarudi mlangoni.

Niliupuliza wino hadi ukakauka, nikapaka gundi pembe nne, nikabandika.